Matone Mawili ya Maji

Wiki iliyopita binti yangu alikuwa amekaa mezani na kazi yake ya Kifaransa, akawa anarudia maneno kwa sauti ili yamkae mdomoni. Shuleni kwao walikuwa wamepewa msemo wa kulinganisha: waeleze maana yake, kisha kila mmoja autumie katika sentensi yake mwenyewe. "Comme deux gouttes d'eau," alisema. Akarudia. Akaniuliza kama Kiswahili nacho kina namna ya kusema hivyo, watu wanapofanana mno.

Nilikuwa nimebeba sufuria ya maji naipeleka jikoni. Niliiweka chini palepale sakafuni. Nikamwambia sisi tunasema wanafanana kama shilingi kwa ya pili. Akaandika, akaridhika, akaendelea na mambo yake.

Sikumwambia kwamba maneno hayo ya Kifaransa niliyasikia nikiwa mdogo kuliko yeye, katika zahanati moja ya Chiwanda, kutoka kwa mtawa ambaye baada ya kuyatamka alifanya ishara ya msalaba. Wala sikumwambia kwamba kwa siku kadhaa za utoto wangu sikuweza kunywa maji yoyote ambayo niliona uso wangu ndani yake.

Sisi ni watu wa Mbuji, huku juu kwenye baridi, ambako asubuhi ukungu unaingia hadi jikoni na mama anaupunga kwa mkono kama moshi. Baba yangu alikuwa seremala. Alikuwa na alama yake: chochote alichotengeneza, kiti au mlango au jeneza, alikichonga ukingoni mstari wa majani madogo ya mkahawa yanayofuatana. Kazi zikipungua kwetu alishuka ziwani kuezeka nyumba za watu. Alikaa huko miezi, akarudi na gunia la usipa mkavu, zile dagaa za Ziwa Nyasa, na harufu yake ilikaa kwenye shati lake hata mama alifue vipi. Safari moja hakurudi. Dereva wa lori la mahindi ndiye aliyeleta habari kwamba baba ameugua, amefariki, na wameshamzika, kwa kuwa joto la kule halisubiri.

Mama hakulia mbele yangu. Alisema tu, "Nitakwenda nikaone kaburi kwa macho yangu." Mvua zilipokatika, barabara ya kushuka Mbamba Bay ikaanza kupitika, tukaenda.

Nakumbuka joto lilivyotupokea, kama mtu kafungua tanuri la matofali. Nakumbuka ziwa: nililiona kutoka mbali nikadhani ni mbingu imeanguka. Lakini ninachokumbuka zaidi ni bibi mmoja aliyekuwa anaanika usipa kwenye chanja, pale tulipoingia kijijini kwa miguu. Alinyanyua uso akaniona. Mikono yake ikabaki hewani, usipa wakamdondoka kati ya vidole. Alisema kitu kwa Kinyasa, polepole. Mimi nilijua Kimatengo cha nyumbani na Kiswahili cha shule tu, kwa hiyo nilishika neno moja, nalo lilikuwa jina. Editha.

Watoto waliokuwa wanakimbia nyuma yetu wakasimama. Kisha wakaanza kutufuata tena, ila kwa mbali, na bila kelele. Mbwa mwekundu, sikio moja limechanika, akatoka chini ya mtumbwi uliopinduliwa. Alininusa miguu, akatoa sauti kama ya mtu anayenung'unika, akalala juu ya nyayo zangu. Sikuweza kwenda mbele.

"Mbwa wa nani huyu?" mama aliuliza.

Bibi aliinama akaanza kuokota usipa wake.

Tulifikia kwa shangazi Kandida, dada yake baba, aliyekuwa ameolewa huko. Nilimwamkia, "Shikamoo shangazi." Alikuwa ameshika mwimo wa mlango, ananitazama.

"Wifi," alimwambia mama hatimaye, "hukusema kama unakuja na mtoto."

"Ningemwacha na nani?"

Shangazi akavua kanga yake ya begani, akanifunika kichwa mpaka kwenye nyusi. Alisema jua la huku ni kali. Jua lilikuwa linazama.

Kesho yake, nikiwa uani, niliona moshi mweusi unainuka katikati ya ziwa, nguzo ndefu inayojipinda, na chini yake hapakuwa na mtumbwi wala kisiwa. Nikamuuliza shangazi ni nani anapika huko ndani ya maji. Aliniambia siyo moshi, ni wadudu wadogo wanaozaliwa ziwani na kuruka pamoja, na wakifika pwani watu huwakamata wakawala. Nilimsikia, lakini sikumwamini. Nilikuwa mtoto wa mlimani, na kwetu penye moshi pana mama wa mtu.

Nilikuwa nimejikata mguu njiani, na kidonda kikaanza kuvimba, kwa hiyo mama na shangazi wakanipeleka zahanati. Mtawa aliyekuwa anatibu aliitwa Sista Noela. Alikuwa ametoka Kongo, mama mnene mwenye mikono laini, na Kiswahili chake kilikuwa na mapindo ya kwao. Alikuwa anacheka na mgonjwa mwingine tulipoingia. Shangazi alisahau, au alichoka kunilinda, na ile kanga ikateleza kichwani kwangu. Kicheko cha Sista kikakatika.

"Comme deux gouttes d'eau," alisema, siyo kwetu. Akajigusa kipaji, kifua, bega na bega.

Shangazi akamtupia jicho moja tu, na Sista akainama kwenye kidonda changu, akakiosha na kukifunga. Mimi nikajua nimepimwa na ugonjwa umeonekana. Komdegutdo, ndivyo nilivyolisikia neno lake. Ndiyo maana watoto hawanisogelei. Ndiyo maana nafunikwa uso. Usiku ule na siku iliyofuata nilijipapasa shingoni na kwapani, nikitafuta pale komdegutdo ilipoanzia.

Niliyekuwa nikitaka kumuuliza alikuwa baba. Kwa kuwa hakuwepo, nikamwendea Sista mwenyewe. Nilimkuta nyuma ya zahanati, kwenye kijito, anachuma majani ya magimbi.

"Sista, komdegutdo inaua?"

Alicheka kwanza. "Nani alikuambia hilo neno?"

"Wewe. Ulisema mimi ninayo."

Basi akaacha kucheka, akachuchumaa mbele yangu. "Hapana, mama. Hiyo haiko ugonjwa. Ni namna ya kusema ya Kifaransa. Sikiliza. Comme, ni kama. Deux, ni mbili. Gouttes d'eau, ni matone ya maji. Watu wawili wakifanana sana, tunasema wako kama matone mawili ya maji." Akachovya vidole kijitoni, akadondosha matone mawili juu ya jani la gimbi. Yakakaa pale, ya mviringo, yanang'aa. "Unaona? Hili na hili. Utasema lipi ni lipi?"

"Mimi nafanana na nani?"

Alitazama kuelekea kwa shangazi. Nadhani aliona kunidanganya ni dhambi kubwa kuliko kuniambia. "Na mtoto mmoja wa hapa. Editha."

"Yuko wapi?"

"Alienda na maji, mama. Siku ya upepo. Alienda kuosha vyombo ziwani. Vyombo tuliviona, visafi, vimepangwa. Yeye hatukumuona tena."

Mtu akamwita ndani, akaenda. Mimi nikabaki nimeshika lile jani. Nililiinamisha kidogo, nione matone yanavyotembea. Yalikimbiliana, yakagusana, na mara likawa tone moja. Nikageuza jani upande huu na huu, nikilitafuta lile lingine. Halikuwepo. Halikuanguka chini, maana mchanga ulikuwa mkavu. Lilikuwa limeingia kwa mwenzake.

Hivyo ndivyo nilivyoelewa kila kitu. Editha hakufa. Alikwenda na maji, akawa maji, na alikuwa ananingoja. Nikimgusa tu, tutakuwa mtu mmoja, na haikujulikana atakayebaki ni nani.

Kuanzia hapo sikukaribia ziwa. Mama alipotaka kuniogesha nilijishikilia kwenye mlango nikalia mpaka majirani wakatoka. Nilikataa kunawa kwenye beseni. Kikombe cha maji nilikinywa macho yamefumbwa, kisha nikaacha kabisa kunywa maji, nikawa naramba uji na kufyonza maembe. Midomo ilinipasuka. Mama alidhani ni huzuni ya baba.

Siku tuliyokwenda makaburini tulimkuta mwanamke amekaa kwenye mchanga kando ya kaburi la baba. Alikuwa mwembamba, kichwa kimenyolewa kama cha mfiwa. Kaburi lilikuwa limefagiliwa vizuri, hata jani moja halikuwepo. Mama akasimama. Alimtazama yule mwanamke, akatazama ule ufagio mkononi mwake, na nikaona uso wake unaelewa kitu ambacho mimi sikukiona.

Mwanamke hakumtazama mama. Alinitazama mimi, akatabasamu, kama mtu aliyekuwa anasubiri gari na sasa anasikia mlio wake.

"Nilijua utarudi," alisema.

Mama alinivuta mkono tukaondoka karibu tunakimbia. Nyumbani kwa shangazi, mchana uleule, yeye na mama wakazungumza chumbani, na mimi nilisikiliza kupitia ukuta wa matete.

"Kaka alikuwa na nyumba nyingine huku," shangazi alisema. "Nilitaka kukwambia. Sikujua nianzie wapi."

Sikuona ajabu. Baba alikuwa fundi, alijenga nyumba nyingi huku. Nilishangaa tu mama kukaa kimya muda mrefu hivyo kwa ajili ya nyumba.

"Walizaa mtoto mmoja, huyo Editha. Alipokwenda na maji, kaka aliacha kula. Hakuugua ugonjwa wowote, wifi, aliacha tu kula. Na mama yake hajalia mpaka leo. Hatukufanya matanga, kwa sababu anasema mtoto hajafa. Sasa mmekuja nyie. Yule ni mama mdogo wa binti yako, upende usipende. Lakini mchunge mtoto wako."

Mama akalala ubavu mmoja, uso ukutani, mpaka jioni, na siku iliyofuata pia. Siku hiyo ya pili ndiyo mama yake Editha alikuja. Shangazi alikuwa shambani kung'oa mihogo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka uani, na yule mbwa amelala miguuni pangu kama kawaida yake. Yule mama alisimama kwenye uzio wa matete akanyoosha mkono.

"Njoo," alisema. "Chakula tayari."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilinyanyuka. Mbwa alitangulia, hilo moja. Na sauti yake haikuwa ya kutisha, ilikuwa sauti ya mama yeyote anayeita mtoto wake kula. Lakini zaidi, nilitaka kuiona ile nyumba aliyoijenga baba.

Mlango ulikuwa na majani ya mkahawa. Yalizunguka mwimo wote, madogo, yanafuatana, sawasawa na ya mlango wetu wa Mbuji. Ndani kulikuwa na kigoda kama kigoda changu. Kitanda kama cha mama. Ilikuwa kama nimelala nyumbani nikaamkia upande mwingine wa ukuta. Ndipo kichwa changu cha kitoto kikapata picha: hapa pamekaa baba, ameketi kwenye kigoda hiki, na kuna mtoto aliyemfungulia mlango huu na kupokea mzigo wake, kama mimi.

Yule mama alinivua gauni, akanivika la buluu lenye kola nyeupe. Lilinikaa kana kwamba nimepimwa. Akanisimamisha kwenye mwimo, ambako baba alikuwa amechonga mistari mifupi ya urefu wa mtoto, mmoja juu ya mwingine. Kichwa changu kilifika kwenye mstari wa juu kabisa.

"Hujakua," alisema, akinilaza nywele kwa kiganja. "Ulikaa huko muda wote, hukukua hata kidogo."

Nilikula ugali wa muhogo na usipa wa kukaanga. Alikaa akinitazama nikitafuna. Nilipomaliza aliniletea maji, nikatikisa kichwa. Akasema, "Haya, basi twende tukaoge."

Alinishika kifundo cha mkono, siyo kiganja. Tulishuka hadi majini. Hapakuwa na upepo. Sijawahi kuona ziwa limetulia kama siku ile, limelala kama kioo kilicholazwa mezani, na mbali zile nguzo za wadudu zimesimama wima, hazitikisiki. Mbwa aliishia kwenye mchanga akaanza kulia. Yule mama aliingia na nguo zake, magoti, mapaja, akinivuta. Mimi nilikuwa nimefumba macho. Maji yaliponifika kifuani nilifumbua.

Alikuwa pale. Chini yangu, kola nyeupe, gauni la buluu, midomo iliyopasuka. Alikuwa ananitazama kwa hofu, na hilo ndilo lililonishangaza. Nilikuwa nimemwogopa siku zote zile bila kufikiri kwamba na yeye anaweza kuwa ananiogopa mimi. Akinimeza, atakuwa mimi. Nikimmeza, nani atabaki kuwa Editha? Na ndipo sauti ya Sista ikanijia, lile neno la katikati, akilitamka huku amenyoosha vidole viwili vyenye maji.

"Ni wawili!" nilipiga kelele. "Sista alisema mawili! Matone mawili! Hakusema moja!"

"Editha, tulia."

"Mimi siye Editha! Tunafanana tu. Mama mdogo, tunafanana tu! Tuko wawili!"

Sijui ni lipi lililomfikia, ule wingi au lile jina la mama mdogo. Mkono wake ulilegea. Alinitazama usoni, kweli usoni, kwa mara ya kwanza, kama mtu anayesoma maandishi ya mkono wa mgeni. Akagusa nyusi zangu. Nadhani hapo ndipo alipoiona tofauti ambayo mama yeyote angeiona, na ambayo alikuwa amekataa kuiona.

"Yeye alikuwa na kovu hapa," alisema.

Kisha akakaa. Alikaa chini humohumo majini, yakamfika shingoni, akafungua mdomo, na kilio kilichotoka kiliwatoa watu majumbani.

Mama alikuwa ameshaamka na kunikosa. Alikuja anakimbia, bila viatu, na wale waliomwona walidhani amekuja kupigana. Aliingia majini akaninyanyua, akanipeleka mchangani, akaniweka. Kisha akarudi. Alimshika yule mwanamke chini ya kwapa, akamtoa, akavua kanga yake mwenyewe na kumfunga.

"Dada, nisamehe," yule mama alikuwa anasema. "Dada, nisamehe."

"Nyamaza," mama alimwambia. "Lia, usiongee."

Siku zilizofuata matanga yalifanyika. Padri alisoma misa, na kando ya kaburi la baba wakasimika msalaba mdogo mahali ambapo hapakuwa na mtu chini yake. Sista Noela alikaa nyuma yangu kanisani, na aliponong'ona sala zake kwa Kifaransa nilizisikiliza kwa makini, nikijaribu kulipata neno moja ninalolijua. Jioni nilikunywa maji, kikombe kizima, macho wazi.

Mama na mama mdogo hawakuwa marafiki mara moja. Watu wa vitabu wangependa iwe hivyo. Mama alikuwa na hasira na maiti, na hasira ya namna hiyo haina pa kuishia, kwa hiyo siku nyingine ilimwangukia aliyekuwa karibu. Lakini msimu wa kahawa ulipofika mama mdogo alipanda Mbuji, akachuma na sisi, akatetemeka kwa baridi, akarudi ziwani na gunia la maharage. Mwaka uliofuata akaja tena. Watu wakimuuliza mama ni nani huyu, alijibu, "Mwenzangu," na kuendelea na kazi. Mwisho akahamia kwetu kabisa. Alinifundisha kusuka mikeka. Hata siku moja hakuniita kwa jina lisilo langu.

Mama alitangulia. Mama mdogo alimfuata baadaye sana, na mimi ndiye niliyemuuguza. Alikuwa amelazwa hospitali Mbinga, wodi ya kina mama, kitanda cha dirishani. Mchana mmoja, saa ya kuona wagonjwa, wodi imejaa watu na mabakuli na kelele za watoto, nilikuwa nimekaa kando yake namenya chungwa. Alikuwa amelala tangu asubuhi. Alifumbua macho.

"Editha," alisema.

Niliweka chungwa chini. Miaka yote ile nilikuwa nimeshikilia kwamba mimi siye, na sasa sikuona sababu ya kumnyima mzee neno moja.

"Abee, mama," nikaitika.

Akageuza macho akanitazama. Yalikuwa macho ya mtu mwenye akili zake timamu, tena yalikuwa na upole wa kunihurumia.

"Siyo wewe, mwanangu," alisema. "Wewe nakujua. Namwita mwenzio, huyo hapo nyuma yako."

Sikugeuka. Nilinyanyuka, nikasogeza kiti changu pembeni, nikampisha.